Daftari la Gombe Liliandikwa kwa Kiswahili

Jane Goodall alipofariki dunia California tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91 na akiwa bado katikati ya ziara ya mihadhara, rambirambi zilitoka kila pembe ya dunia na karibu zote zilisimulia habari ileile: msichana wa Kiingereza asiye na shahada anashuka botini kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, anapanda mlima, anakaa kimya mpaka sokwe wanamzoea, na elimu ya binadamu kuhusu wanyama inageuka. Hapa kwetu rambirambi hizo zilifuatwa mara moja na swali ambalo nimelisikia redioni, kwenye makundi ya WhatsApp ya wahitimu wa wanyamapori, na hata kutoka kwa watu wenye dhamana: Tanzania itapata lini Jane Goodall wake? Swali hilo linaulizwa kwa nia njema, lakini limejengwa juu ya msingi mbovu. Linachukulia kwamba sayansi ya uhifadhi hufanywa na mtu mmoja mwenye kipaji na subira, na kwamba sisi tumemkosa mtu huyo. Hoja yangu ni kwamba watu wa namna hiyo tumekuwa nao Gombe, msitu wa sokwe ulioko Kigoma, kwa zaidi ya nusu karne, kwamba sehemu kubwa ya kile ambacho dunia inakiita ugunduzi wa Gombe imepita mikononi mwao, na kwamba tulichokikosa ni ajira yenye ngazi, ambayo mtu anaweza kuipanda kutoka kwenye fomu ya msituni hadi kwenye makala ya kisayansi bila kutegemea bahati ya kukutana na mfadhili.

Tuanze na habari yenyewe, kwa sababu hata sura yake ya kwanza haikuwa ya mtu mmoja. Goodall alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960 akiwa na mama yake, Vanne, kwa kuwa utawala wa kikoloni haukukubali msichana akae huko peke yake, na walikuwa na mpishi wao, Dominic. Katika siku hizo za mwanzo alikuwapo pia Rashidi Kikwale, mwenyeji aliyepanda naye mabonde yale. Novemba ya mwaka huohuo Goodall alimwona sokwe dume, aliyemwita David Greybeard, akichokoa mchwa kwenye kichuguu kwa ujiti, na uvumbuzi huo ulivunja imani kwamba binadamu peke yake ndiye hutengeneza na kutumia zana. Hakuna haja ya kumpunguzia sifa hiyo. Aliona alichokiona, akatambua uzito wake, na aliwatetea sokwe wake waitwe kwa majina wakati maprofesa walitaka wapewe namba. Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu aliyemtuma, alimfungulia pia mlango wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako alipata shahada ya uzamivu mwaka 1966 bila kupitia shahada ya kwanza. Jambo hili hutajwa kila mara kama kichekesho kizuri kuhusu ukaidi wake. Mimi nalitazama kama ushahidi wa jinsi taaluma hii ilivyofanya kazi tangu mwanzo: alitokea mtu mwenye mamlaka aliyeamini kwamba uwezo wa kutazama na kuandika unaweza kutangulia cheti, naye akaandika barua zilizohitajika. Wenyeji waliopanda mlima uleule, wakaandika daftari lileile, hawakupata Leakey wao.

Miaka michache baadaye Gombe ilikuwa kambi ya wanafunzi. Walitoka Ulaya na Marekani, wengi wao Chuo Kikuu cha Stanford, wakikaa miezi kadhaa na kurudi kwao kuandika. Mwaka 1968 eneo likawa Hifadhi ya Taifa, na katika kipindi hichohicho vijana wa Kitanzania, wengi kutoka vijiji vya kando ya ziwa, waliajiriwa kuwa wasaidizi. Mwanzoni kazi yao ilikuwa kubeba na kuongoza njia, na kuhakikisha mgeni hapotei au kuanguka gengeni. Kisha usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire, wapiganaji wa chama cha Laurent Kabila, wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni kambini na kwenda nao ng'ambo. Mateka waliachiliwa baada ya wiki kadhaa za majadiliano na fidia. Wanafunzi wa kigeni waliondolewa Gombe, na Goodall mwenyewe hakuruhusiwa tena kuishi pale kama zamani. Kwa hesabu ya kawaida ya miradi ya utafiti, hapo ndipo kituo kilipaswa kufa.

Hakikufa. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na sokwe wa kufuatwa, na wasaidizi wa Kitanzania wakawafuata. Waliendelea mwaka huo, na uliofuata, na miaka yote iliyofuata, na hapa ndipo ningependa msomaji aangalie kwa karibu kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu neno "msaidizi" linaificha. Watu wawili huamka gizani ili wawe chini ya kiota kabla sokwe waliyemchagua hajaamka. Akishuka, wanashuka naye. Kila baada ya dakika kumi na tano mmoja anajaza fomu: nani yupo kundini, nani ameondoka, jike gani yuko kwenye joto, yuko wapi kwenye ramani. Chakula kinaandikwa kwa jina la mmea, na muda wa kuanza kula na wa kumaliza. Mwenzake anaandika maelezo marefu ya kile kinachotokea: nani alimsafisha nani manyoya, nani alipiga kelele, nani alimkimbia nani na kwa upande gani. Haya yanaendelea kwenye mteremko ambao mtu wa kawaida hushika majani kwa mikono yote miwili ili asiteleze, hadi jioni sokwe anapojenga kiota kingine. Maelezo hayo marefu huandikwa kwa Kiswahili. Ili yatumike katika uchambuzi wa kitakwimu, imebidi yatafsiriwe kwa Kiingereza, na kwa miaka mingi kumbukumbu hizo zilitunzwa na kuingizwa kwenye kompyuta katika vyuo vikuu vya Marekani, kwanza Minnesota na baadaye Duke. Kwa maneno mengine, moja ya hazina ndefu kuliko zote za tabia za wanyama wa porini duniani iliandikwa katika lugha unayoisoma sasa, na mwanafunzi wa sekondari pale Kigoma anayetaka kujua imesema nini hana budi kwanza ajue Kiingereza.

Tuchukue tukio moja tu. Mwezi Januari 1974, Godi, dume wa kundi la kusini la sokwe wa Gombe lililoitwa Kahama, alivamiwa na madume wa kundi jirani la Kasakela akiwa anakula peke yake. Walimwangusha, wakamshikilia na kumpiga, na hakuonekana tena. Aliyeshuhudia na kuandika alikuwa Hilali Matama, kiongozi wa wasaidizi wa Gombe. Hilo lilikuwa shambulio la kwanza kuandikwa katika mfululizo wa mauaji ulioendelea hadi 1978, ambao ulilifuta kabisa kundi la Kahama na ambao wataalamu waliuita vita. Habari hii iliwashtua wasomi kuliko ile ya ujiti na mchwa, kwa kuwa ilikataa picha ya sokwe kama mnyama mpole aliyeharibiwa na binadamu. Wengine walidai kwamba ugomvi ulitokana na ndizi zilizokuwa zikigawiwa kambini, na mabishano hayo yameendelea miongo mingi. Lakini hakuna hata mmoja kati ya wanaobishana, wa upande wowote, anayeweza kuanza hoja yake bila kurejea yale waliyoyaandika wasaidizi walipokuwa msituni. Mtu aliyezoea kusoma makala za kisayansi atauliza: je, majina yao yametajwa? Haki itendeke hapa. Sura ya kitabu cha kitaalamu kilichotoka 1979, iliyoeleza uhasama huo, ina Goodall kama mwandishi wa kwanza, na miongoni mwa waandishi wenzake kuna Bandora, Matama na Mpongo. Goodall alijua anadaiwa nini, na alilipa kwa sarafu ya taaluma yake. Ninachosikitikia ni kwamba jambo hilo limebaki la kukumbukwa, badala ya kuwa kanuni inayoandikwa kwenye mikataba.

Upo mfano mwingine unaonyesha kwa nini jambo hili ni zaidi ya heshima na shukrani. Fifi alikuwa sokwe mtoto Goodall alipofika mwaka 1960. Alikua, akazaa, akazaa tena, jumla watoto tisa, watatu kati yao wakaja kuwa vinara wa madume wa Kasakela, na mwaka 2004 akatoweka. Maisha ya mnyama mmoja yalichukua zaidi ya miaka arobaini ya kuandikwa. Sokwe jike huzaa mara moja katika kila miaka mitano hivi, na huanza akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu au zaidi. Utafiti wa shahada ya uzamivu unachukua miaka mitatu au minne, na mradi wa mfadhili mara nyingi vivyo hivyo. Hii maana yake ni kwamba mtafiti mgeni, hata awe hodari namna gani, hukaa msituni kwa muda usiotosha kuona nafasi moja tu kati ya mtoto na mtoto. Kile kinachoyafanya maisha ya Fifi yasomeke kama maisha, yenye mwanzo na mwisho, ni watu waliobaki wakati wageni wakija na kuondoka. Katika biolojia ya wanyama waishio muda mrefu, kubaki ndiyo mbinu yenyewe ya utafiti. Ni ajabu basi kwamba katika mfumo wetu anayebaki ndiye mwenye cheo cha chini, na anayeondoka ndiye anayeitwa mwanasayansi.

Wapo wanaoipinga hoja hii, na baadhi yao wana la kusema. Wa kwanza wanasema kwamba hadithi ya shujaa mmoja ina kazi yake. Hakuna mtoto aliyewahi kutamani kuwa mwanasayansi kwa sababu ya fomu ya dakika kumi na tano. Alitamani kwa sababu ya picha ya Jane na sokwe wakinyoosheana mikono. Hilo nalikubali kabisa. Mpango wa Roots & Shoots, wa kuwashirikisha vijana katika uhifadhi, ambao Goodall aliuanzisha Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi wapatao kumi na wawili, umesambaa katika nchi nyingi kwa nguvu ya hadithi hiyo, na fedha nyingi zilizoitunza Gombe zilichangwa na watu waliompenda yeye kabla ya kuwajua sokwe. Lakini hadithi inayomvuta mtoto wa miaka kumi ni kitu kimoja, na sera inayopaswa kumwajiri akifika miaka ishirini na tano ni kitu kingine, na kosa letu ni kuitumia ya kwanza mahali pa ya pili. Mtoto aliyevutwa na picha ile akifika chuoni hukuta kwamba hakuna nafasi inayoitwa Jane Goodall. Kuna nafasi ya ofisa wanyamapori, ya mhifadhi, ya askari, ya mwongoza watalii, na nafasi chache mno za utafiti katika taasisi moja ya serikali na vyuo viwili vitatu.

Wa pili wanatoa hoja nzito zaidi, nayo ni hii: kukusanya data si sawa na kufanya sayansi. Sayansi ni swali, nadharia, namna ya kupima, na uchambuzi unaoweza kukanushwa. Aliyeandika kwamba madume sita walipanda kaskazini amefanya kazi muhimu, lakini anayeeleza kwa nini walipanda, na anayethibitisha kwamba maelezo yake ni bora kuliko mengine, ndiye mwanasayansi. Kuna ukweli humu, na ni ukweli ambao wapenzi wa haki za wasaidizi huupita haraka mno. Kumwita kila mtu mwanasayansi ili asijisikie vibaya ni kumpa sifa badala ya mshahara na mafunzo. Hata hivyo hoja hiyo, ikifuatwa hadi mwisho, inaelekea upande wangu. Ikiwa tofauti kati ya mkusanyaji na mchambuzi ni mafunzo, basi swali la sera ni nani anapewa mafunzo hayo, na jibu la busara ni kuanza na yule ambaye tayari anamjua mnyama. Hilo limewahi kufanyika. Kule Amboseli, Kenya, ambako Cynthia Moss alianzisha utafiti wa tembo mwaka 1972, Norah Njiraini, Soila Sayialel na Katito Sayialel walijiunga na mradi na wakakaa miongo. Wanawatambua mamia ya tembo kwa masikio na meno, na wamewafundisha watafiti wa kigeni namna ya kuwatambua. Mwaka 2014 ulipochapishwa utafiti ulioonyesha kwamba tembo wa Amboseli hutofautisha sauti ya mwanamume Mmaasai na ya Mkamba, na tena sauti ya mwanamume na ya mwanamke au mtoto, Katito Sayialel alikuwa miongoni mwa waandishi wanne. Nani angefikiria kuuliza swali kama hilo, kama si watu waliokaa na tembo na Wamaasai mahali pamoja?

Hata Gombe penyewe njia imeanza kuonekana. Dkt. Deus Mjungu, Mtanzania, alisoma uzamivu wake Chuo Kikuu cha Minnesota kwa kutumia data za makundi mawili ya sokwe wa Gombe, akarudi na kukiongoza kituo cha utafiti. Dkt. Shadrack Kamenya naye ametumikia utafiti na uhifadhi wa ukanda huo kwa miaka mingi. Nyanda za Serengeti zina mfano ulio wazi zaidi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi 1977, nyumbu waliongezeka kutoka takriban 250,000 hadi karibu milioni 1.3, baada ya chanjo ya ng'ombe kuondoa sotoka katika eneo lile. Kisha wakaacha kuongezeka, na swali likawa ni nini kinawazuia: simba, majangili, au njaa ya kiangazi. Makala ya mwaka 1999 iliyojibu kwamba ni chakula, kwa kutumia kumbukumbu za miaka arobaini na mizoga iliyopimwa hadi uboho wa mifupa, ina Simon Mduma kama mwandishi wa kwanza, mbele ya Anthony Sinclair na Ray Hilborn. Mduma baadaye akawa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI. Hakuna aliyehitaji kumwita Jane Goodall wa nyumbu. Alikuwa na data ndefu, mafunzo, na taasisi ya kumwajiri, na vitu hivyo vitatu vilitosha.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosemwa zaidi, hasa pembeni ya mikutano. Inasema kwamba vijana wetu hawana wito: wanataka ofisi, gari na posho, hawataki kulala kambini na kuumwa na mbung'o, na ndiyo maana watafiti wakubwa wa wanyama wetu ni wageni. Naomba wanaosema hivyo wafikirie tena Gombe ya mwaka 1975. Wageni waliondolewa kwa sababu mahali palikuwa pa hatari, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Wenyeji walibaki mahali palepale, kando ya ziwa lilelile ambalo watekaji walilivuka, wakaendelea kuamka gizani. Kama huo si wito, basi neno hilo halina maana. Na kama miaka hamsini ya kufuata sokwe kwa mshahara wa msaidizi haikuonyesha mapenzi ya kazi, sijui kipimo gani kitaonyesha. Kinachowakimbiza vijana ni hesabu rahisi, ambayo mtu yeyote mwenye familia angeifanya. Mpwa wangu alihitimu shahada ya usimamizi wa wanyamapori akiwa na alama nzuri, akapata kazi ya mwaka mmoja na nusu kwenye mradi wa kuhesabu mbega, akaipenda kweli. Nilipomkuta nyumbani akiuza vocha na kutengeneza simu nilimuuliza imekuwaje. "Mjomba, mradi uliisha mwezi wa sita," alinijibu bila uchungu wowote. "GPS wakachukua, buti wakaniachia."

Habari hiyo ya buti inanirudisha kwenye jambo ambalo rambirambi nyingi zililipita. Mwaka aliofariki Goodall ndio mwaka ambao serikali ya Marekani ililivunja shirika lake la misaada, USAID, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa likifadhili uhifadhi katika magharibi ya Tanzania, ikiwemo kazi za taasisi aliyoianzisha. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja tulipoteza sura iliyokuwa ikivuta michango na mkono mkubwa uliokuwa ukitoa fedha. Wanaouliza ni nani atakuwa Jane mpya kwa kweli wanauliza, hata kama hawajui, ni nani atatuletea wafadhili wapya. Hilo ni swali halali la mhasibu, lakini tusilichanganye na swali la taaluma. Taaluma inayosimama kwa haiba ya mtu mmoja na kwa bajeti ya nchi ya kigeni itatikiswa kila mara mtu huyo anapozeeka na nchi hiyo inapobadilisha serikali. Gombe ilinusurika mwaka 1975 kwa sababu kazi ilikuwa tayari imeingia mikononi mwa watu wasioweza kuondolewa kwa ndege.

Upande wa serikali kuna mkanganyiko mwingine ambao lazima utajwe. Taifa letu limewekeza sana katika mafunzo ya uhifadhi. Chuo cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, kimefundisha wahifadhi wa Afrika tangu 1963, na Chuo Kikuu cha Sokoine kinatoa wahitimu wa wanyamapori kila mwaka. Lakini picha ya mtu wa wanyamapori iliyojengeka, na ambayo mfumo wa kijeshi katika taasisi za hifadhi umeikaza, ni ya askari mwenye sare, cheo na bunduki. Sipingi doria. Idadi ya tembo wa Tanzania ilishuka kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014, na bila watu wenye bunduki ingeshuka zaidi. Lakini tuliijuaje tofauti hiyo? Tuliijua kwa sababu watafiti walikaa kwenye ndege ndogo, wakaruka mistari iliyonyooka kwa kimo kilekile, wakahesabu tembo hai na mizoga, wakapiga hesabu na kuieleza serikali jambo ambalo hakuna serikali hupenda kuambiwa. Askari anajua kilichotokea katika eneo lake la doria. Kinachotokea kwa nchi nzima katika miaka mitano anakijua aliyehesabu, na hesabu hiyo ina thamani tu ikiwa aliyehesabu mara ya kwanza, au mtu aliyefundishwa naye, anahesabu tena kwa njia ileile. Mwaka 2014 ungekuwa tarakimu tupu bila mwaka 2009.

Nini kifuate, basi? Mambo mengine ni ya gharama, na sitajifanya kwamba hazina ya serikali ina fedha za kuajiri mtafiti kwa kila mnyama. Mengine hayahitaji fedha nyingi kama yanavyohitaji ukali. Mtafiti wa kigeni anayekuja kusoma wanyama wetu hupita Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na hupaswa kuwa na mshirika wa ndani. Sharti hilo ni zuri, lakini mshirika akiwa ni sahihi tu kwenye fomu, halijatimiza kitu. Kibali kingeweza kudai mambo yanayopimika: nani atafundishwa uchambuzi, kwa kiwango gani, na nani ataandika sehemu gani ya makala. Kingeweza pia kudai kwamba nakala ya data, pamoja na maelezo ya awali ya msituni katika lugha yalimoandikwa, ibaki katika chuo kikuu cha Tanzania tangu siku ya kwanza, badala ya kuombwa miaka thelathini baadaye. Kwa Gombe hili lina maana ya pekee. Kurasa zile za Kiswahili ni kitu ambacho mwanafunzi wa Dodoma au Morogoro angeweza kukisoma moja kwa moja, bila kupitia tafsiri, na pengine akaona ndani yake maneno ambayo tafsiri imeyalainisha. Aliyeandika kwamba sokwe "alinuna" au "alijitutumua" ametoa maelezo ya kitabia ambayo Kiingereza kinaweza kuyapokea kwa neno moja baridi. Shahada moja ya uzamili juu ya msamiati wa wasaidizi wa Gombe ingeweza kutuambia kitu ambacho Cambridge haikuwahi kukiuliza.

Kuhusu mikataba, naamini hapo ndipo pagumu zaidi, kwa sababu kila upande una sababu ya kutoibadilisha. Mfadhili anapenda mradi wa miaka mitatu wenye ripoti ya mwisho. Taasisi inapenda vibarua ambao haiwadai pensheni. Mtafiti mgeni anapenda msaidizi mzoefu ambaye hatashindana naye kwa jina. Na msaidizi mwenyewe, akiwa na watoto shuleni, hukubali anachopewa. Kuvunja mzunguko huo kunahitaji cheo kinachotambuliwa katika utumishi, cha mtaalamu wa uchunguzi wa msituni, chenye madaraja yanayopandishwa kwa ustadi uliopimwa, kama ilivyo kwa mafundi sanifu wa maabara za hospitali, na chenye mlango wa kuingia shahada ya uzamili kwa anayeonyesha uwezo hata kama alianza bila cheti kikubwa. Watakaosema kwamba hiyo ni kushusha viwango wakumbuke ni nani aliyeingia Cambridge bila shahada ya kwanza.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu kwa furaha. Amepata kazi tena, safari hii ya miezi sita, kufuatilia sokwe nje ya hifadhi, katika misitu ya vijiji upande wa kusini. Nilimpongeza, nikamtumia nauli ya kufika Kigoma. Kisha nikamuuliza kama mkataba unasema jina lake litaandikwa wapi matokeo yakitoka. Alicheka kidogo. "Mjomba, mkataba wenyewe una kurasa mbili," alisema, "na ukurasa wa pili ni orodha ya vifaa vya kurudisha."